Munkoyo wa Siku ya Tatu

Permi yangu, leseni ya kuendesha malori makubwa, ilichukuliwa Kasumbalesa, mpakani, mchana kweupe, na kilichoniponza si pombe ya baa. Ni munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi ambacho sisi wa Lubumbashi tunawapa hata watoto.

Kila safari mke wangu alinijazia bidoni moja, dumu la plastiki. Niliiweka nyuma ya kiti na kuondoka na mzigo wangu wa shaba. Munkoyo ukiwa mpya ni mtamu, hauna neno; ukikaa juani unachacha na kuwa kileo. Lakini foleni ya mpakani haina huruma: unasogea urefu wa lori moja, unazima injini, unangoja tena. Safari ile nilipigwa na jua siku tatu, na bidoni nayo ikapigwa siku tatu. Nikanywa vikombe viwili. Foleni iliposogea, mguu ulichelewa kwenye breki, nikaligonga lori la mbele. Hakuna aliyeumia. Polisi wakanipulizisha kile kimashine chao cha kupimia pombe, wakatazamana. Nilipowaambia ni munkoyo tu, walicheka, lakini permi hawakuirudisha, na baadaye nikaambiwa nisiitegemee tena.

Sasa ninauza vipuri sokoni Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Lori likipita barabarani, ninajua kwa sikio tu dereva ameingiza gia gani, na akikosea ninamtukana kimoyomoyo. Naitamani barabara hadi naona aibu. Natamani hata ile foleni niliyokuwa nikiilaani.

Tangu siku ile mke wangu hakupika munkoyo tena. Jirani akituletea, yeye anaingia ndani. Niliona kama anaamini mikono yake ndiyo iliyoninyang'anya kazi, nami, mtu mzima na mvi zangu, nikamwacha aamini hivyo miaka miwili. Ukweli ni kwamba niliuonja ukali tangu funda la kwanza. Nilikunywa kwa sababu nilikuwa nimechoka kungoja, na ule ulikuwa umetoka nyumbani.

Jumapili moja mimi na mke wangu tulipotoka kanisani nilishindwa kunyamaza.

"Mama, ile siku nilisikia munkoyo iko mukali. Nilikunywa tu vile vile."

Hakuacha kukunja kitambaa chake cha kichwani. "Nilijua. Ile yenye ilibakia hapa nyumba niliimwanga siku ya pili, ilikuwa mukali. Weye unakunywaka munkoyo tangu butoto, ungekosa kujua? Nilikuwa nangoja useme."

Siku mbili baadaye nilikuta sufuria kubwa jikoni. Alinimiminia kikombe, akaketi karibu nami kunitazama nikinywa. Ulikuwa mtamu, mpya kabisa, kama aliokuwa akinijazia asubuhi za safari. Nilimshukuru, nikaomba kingine, lakini hamu haikuisha. Kumbe nilichokuwa nikikitamani miaka yote miwili ni kuunywa barabarani, mbali naye, nikijua ninarudi kwake.