Pasipalumu Juu ya Mawe ya Moto

Baba yangu alikuwa mtunza bustani, na kitu alichokipenda kuliko sisi watoto wake kilikuwa tiyo. Ni kipande cha bomba la chuma, upana wake kama kikombe cha chai. Mdomo wa chini umechongwa meno, juu kumechomelewa mshikio wa mikono miwili, na ubavuni kuna chuma cha kukanyagia. Unaisimamisha juu ya majani, unakanyaga, unazungusha nusu, unainua. Ndani kinabaki kipande cha udongo na mizizi yake, unakisukuma kwa kijiti kinatoka kizima. Unatoboa shimo la namna hiyohiyo mahali unapotaka bustani, unakitia humo, unakanyaga kidogo, basi. Hivyo ndivyo pasipalumu inavyohamishwa, yale majani mazito ya nyumba za kando ya ziwa. Hata maua ya vitunguu, yale yanayoota kutoka kwenye tunguu lisiloliwa, aliyapanda kwa tiyo hiyo. Mama alipokuwa hai alimtania kwamba siku moja atayatia kwenye mchuzi, kwa kuwa ndivyo vitunguu pekee ambavyo mumewe huleta nyumbani.

Tiyo ya Goma ni fupi. Baba alipohama kutoka Bukavu alikuja na ndefu, na siku ya kwanza ya kazi akaivunja meno, kwa sababu hapa udongo ni kama shuka iliyotandikwa juu ya jiwe. Akaenda kwa mchomeleaji wa Majengo akaikata, bomba chini ya chuma cha kukanyagia likabaki na urefu wa kiganja. Tangu hapo alipima mji mzima kwa sikio. Akikanyaga na chuma kikinyamaza, alisema hapo kuna uhai. Kikigonga, alisogea hatua moja.

Volkano ya Nyiragongo iliposhuka mara ya mwisho ilipita juu ya nyumba yetu, upande wa Munigi. Sisi tulikuwa tumekwisha kimbia. Watu walituambia tushukuru kwa kuwa wazima, nami nilishukuru kwa mdomo tu. Karatasi za kiwanja, parsele kama tunavyokiita, ziliungua humo ndani. Tiyo ilipona kwa kuwa ilikuwa kazini kwake, kwenye banda la nyumba moja ya kando ya ziwa. Tukapanga chumba Katoyi, mimi na baba, yeye kitandani na mimi chini. Wadogo zangu walikuwa wametawanyika, kila mmoja kwa mume wake, na kila walipopiga simu swali lilikuwa moja: kwetu kumebaki nini?

Kumebaki jiwe. Tulipopanda kwenda kutazama, kulikuwa na uwanja mweusi wa mabuye, yale mawe ya volkano, uliokunjamana, hauna barabara wala mti. Watu walizunguka juu yake wakitafuta mahali palipokuwa jiko lao. Kila aliyeamini amepapata alipanga mawe mistari minne na kukaa katikati, na kulikuwa na mistari iliyopita juu ya mistari ya wengine. Baba alisimama kwa muda mrefu. Alitazama mlima, akatazama mnara wa simu wa chini, akatembea hatua kadhaa, akarudi, kisha akachomeka kijiti kwenye ufa. Akasema ni hapa. Sikuuliza mara mbili, maana mtu aliyeusikiliza mji kwa mguu wake miaka yote hiyo, mimi nani nimbishie?

Kwetu, kiwanja kisichoota kitu ni cha mwenye nguvu. Ndiyo maana mtu akipata kiwanja hupanda miyenzi kwanza, ile miti ya ua yenye maziwa, kabla hata ya kuchimba msingi. Na wakati ule habari ilikuwa imeenea kwamba tume itakuja baada ya kiangazi kupima viwanja upya, na wasio na karatasi wataandikwa kwa alama watakayokutwa nayo. Baba aliwacheka wenye mawe. Alisema jiwe mtu yeyote analihamisha, lakini kitu chenye mizizi kinamtolea mwenyewe ushahidi. Alitaka tume ikute bustani. Alikuwa ameanza kukohoa, na alinieleza wazi kwamba hataki kutuachia chumba cha kupanga.

Basi tukaanza. Udongo tuliuchota mitaroni Katoyi kila mvua ilipoisha, tukaujaza magunia, tukayapandisha kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mimi nikisukuma nyuma na yeye akishika usukani wa mbao na kunipigia kelele kama vile mimi ndiye mzee. Nilikuwa nafundisha darasa la tatu asubuhi, na mchana nabeba matope. Wenzangu shuleni waliniuliza kama nimeolewa na mkulima.

Mahali alipochagua palikuwa na fukuto. Mvua ilikuwa ikipenya kwenye nyufa, inakuta chini mawe bado yana moto, inarudi juu kama mvuke. Wengi walipakimbia mahali kama hapo. Baba akapaona ni bahati. Alitia mkono, akautoa umelowa, akaniambia hapa hatutamwagilia, ardhi yenyewe itanywesha. Tukamwaga udongo juu ya nyufa hizo, kina cha kiganja na nusu. Mwenye nyumba ya ziwani alikuwa amemruhusu kuchukua majani ya pembezoni, na baba aliyatoboa moja moja, akayafunga kwa gunia lenye maji. Nami alinifundisha kukanyaga. Nilikuwa na miaka thelathini na minane na hakuwa amewahi kuniachia tiyo hiyo hata mara moja. Mguu wangu ulipoingia na chuma kikanyamaza, niliona raha ambayo mpaka leo naionea aibu. Kwenye pembe nne tukapanda vitunguu vya maua mekundu, ncha juu.

Ikaota. Mungu wangu, ilivyoota. Wiki ya pili vipande vilikuwa vimeanza kushikana mikono, kijani cha kuumiza macho katikati ya weusi ule, na watu walitoka mbali kuja kutazama. Mama mmoja aliomba kipande apeleke kwenye mistari yake. Kitunguu cha pembe ya juu kilitoa ncha. Niliwapigia simu wadogo zangu wote nikawaambia kwetu kumepatikana, na mmoja alilia kwenye simu. Ganga ganga za mganga humwacha mgonjwa na matumaini.

Wiki ya nne tulikuta duara la njano katikati, upana wa sinia. Baba alidhani ni maji yamezidi. Siku tatu baadaye duara lilikuwa limefika ukingoni. Akachukua tiyo, akakanyaga, akazungusha, akasukuma kipande kikaangukia kiganjani mwangu. Kilikuwa cha moto. Mizizi ilikuwa ya kahawia na laini, ukivuta inachubuka ngozi, na harufu yake ilikuwa ya mboga zilizosahauliwa jikoni. Akatoa kitunguu cha pembeni, akakiminya, kikapasuka kikatoa maji. Tulikuwa tumeipika bustani yetu kwa mvuke, taratibu, kama mtu anavyopika viazi. Lile joto tulilolisifu kwamba linanywesha ndilo lililoisukuma ikaota upesi, na ndilo lililoiua.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wahenga hawakuishi chini ya Nyiragongo. Hata hivyo nilifanya kazi ya binti mkubwa, nikajikaza, nikamwambia:

“Papa, tungoje mabuye ipoe. Mwaka kesho tutaanza tena, pale pale kwa parsele yetu.”

Alikuwa amekaa juu ya gunia, tiyo magotini. Hakunitazama.

“Parsele yetu iko wapi?”

“Ni hapa, Papa. Wewe mwenyewe ulionyesha.”

“Mi sijuwe, mama. Tangu siku ya kwanza sijuwe. Nilichagua hapa sababu ya ile mvuke ya kupanda. Nilisema kama majani inashika, itakuwa ya kwetu.”

Nilikasirika. Nasema wazi, nilimkasirikia mzee mgonjwa. Nilifikiria zile simu nilizopiga. Kisha hasira ikaisha na hapakuwa na kitu cha kuweka mahali pake, maana hata kama angejua, jibu lingekuwa hilohilo jeusi, na sasa hapakuwa hata na mahali pa kurudi kungoja papoe. Tume yenyewe haikuja baada ya kiangazi kile wala baada ya kilichofuata.

Nilianza kurudisha udongo magunini, angalau huo tuliubeba sisi. Baba akaushika mkono wangu.

“Iache. Mwenye hii nafasi akikuja, ataikuta hii udongo.”

Nikakunja magunia matupu, nikayafunga kwenye chukudu, tukashuka.