Sweta la Zambarau

Juzi binti yangu alipiga picha kapu la plamu sokoni Lushoto, apate rangi za shanga zake, nikamkumbuka shangazi yangu, naye mtunga shanga. Mchana mmoja nikiwa mtoto, mitumba ilipoanza kumwagika milimani kwetu, shangazi alinishika mkono sokoni akamfuata mwanamke mwenye sweta la zambarau na njano iliyowaka hadi majogoo wakadhani kumekucha. Tulipita kabichi, tukapita harufu ya dagaa, naye hakumwondolea macho. Nikajua leo ni ngumi, na shangazi yangu mwembamba atapigwa tu.

Mwanamke akageuka. “We dada, mbona wanifuata? Nimekuibia mume?”

“Hapana, mpenzi. Natazama rangi za sweta lako, nikatungie mkufu.”

Yule akacheka, akatua kapu lake. “Basi ngoja nigeuke. Mgongoni ndiko kulikonoga.”