Mkanda wa Mume Wangu Ulibaki Mlangoni

Jamani, leo nusura suruali ya mume wangu ianguke hekaluni!

Ndoa yetu ina wiki mbili. Mume wangu Kazungu akanitoa nyumbani Magongo, twende tukatalii lile hekalu la kale la Wahindi. Akavaa suruali ya harusi, ile aliyoazima kwa kaka yake mnene.

Mlangoni mlinzi akasema, "Viatu na mkanda viacheni hapa. Ngozi haiingii."

Nikauona uso wa mume wangu ukibadilika.

Ndani, nguzo zimechongwa tembo na maua hadi juu. Sikufaidi kitu! Macho yangu yalikuwa kwenye mikono ya Kazungu, aliyoitia mifukoni kushikilia suruali.

"Usiitoe mikono, mpenzi," nikamnong'oneza.

"Niitoe nina wazimu?"

Mara kuhani mzee akaja akigawa ladu, vile vitamutamu vya Kihindi. Kazungu akainamisha kichwa tu.

"Pokea kwa mikono miwili, bwana."

Wageni wote wakageuka. Kukataa ni kumvunjia mzee heshima. Kupokea ni kubaki na chupi mbele ya umati. Machozi yakanilengalenga. Ee Mungu, mume wangu huyu, wiki mbili tu!

Nikamkumbatia kwa nyuma, nikaikamata suruali kwa ngumi mbili. Akapokea.

Mama mmoja wa Kihindi akatabasamu. "Maarusi hawa! Mshike hivyo hivyo, mwanangu."

Tukatoka tumegandana, hatua kwa hatua, hadi mlangoni.

Mlioolewa zamani, nyinyi mngefanyaje?

Mkanda umerudi kiunoni. Mimi bado sijamwachia.