Upenu wa Jengo la Sayansi

Machage Wegesa, fundi wa Nyasho, alikuwa na desturi iliyowaudhi wateja: hachongi jina lake kwenye kona ya mlango mpaka ukuta unyeshewe msimu mzima wa masika. Kutoka Musoma hadi Bunda, jina hilo ndilo lililompa kazi. Tangazo lingine hakuwa nalo.

Chuo kimoja karibu na Butiama kilipomwita kujenga jengo la sayansi kwa matofali ya udongo yasiyochomwa, bila kukata miti wala kufunga viyoyozi, alisema hiyo ni akili. Akili yenyewe iliishia chini ya paa. Msanifu Florian, kijana ambaye buti zake hazikupata kuchafuka, alichora upenu mfupi kama kope za kuku.

"Injinia, mvua ya upande itakula huu ukuta."

"Mzee, huo ndio usasa. Mistari safi."

"Nyumba ya bibi yangu kule Nyamuswa ilikuwaga ya udongo huu huu. Nyasi za paa zilishuka mpaka hapa." Machage alijigusa kifua.

"Bibi yako alikuwa na digrii?"

"Hakuwa nayo, mura. Ndiyo maana alitoka nje kuangalia mvua inakotokea."

Mafundi walicheka. Upenu ulibaki vile vile.

Siku ya uzinduzi wageni walisifu ubaridi wa maabara na "urafiki na mazingira". Kibao cha marumaru chenye jina la Florian kilimeta ukutani. Eunice, msimamizi wa mradi, alimpa Machage patasi mbele ya watu.

"Jengo bado halijanyeshewa," Machage akasema.

"Mzee, usituaibishe," Eunice akanong'ona. "Usipochonga, kazi ya bweni linalofuata hupati."

"Basi mpeni mwingine."

Masika yakaingia, na urafiki na mazingira ukapita kiasi: ukuta wa magharibi ulianza kurudi shambani. Tope liliteremka kama uji. Florian hakushika simu. Alikuwa Dar es Salaam akipokea tuzo ya jengo hilo hilo.

Aliyeitwa ni Machage. Akaondoa matofali yaliyolika, akarefusha upenu kwa mita nzima.

"Sasa chonga, baba," Eunice akasema kwa upole. "Na bweni ni lako."

"Bweni nitajenga, upenu nikiupima mwenyewe. Jina ni masika yajayo, mama."

Akapita mbele ya marumaru. Tope lilikuwa limekauka juu ya jina la Florian. Kitambaa alikuwa nacho mfukoni, hakukitoa.