Ndege wa Salale na Ndoana Yake

Koleo langu ni la kung'olea misumari ya viatu, si la kutibia ndege. Lakini mwaka ule, Mwingereza angali anatawala, dada yangu Mwajuma alinitumia salamu kwa mchuuzi wa kamba wakavu: ndege mkubwa wa baharini ameanguka kwao Salale, ana ndoana mdomoni, na mumewe anamtaka kwa mchuzi. Nije na koleo, nije upesi. Nikafunga kibanda changu cha Kibiti, wateja wakanuna.

Kutoka Kibiti hadi Nyamisati nilipanda lori la mahindi, nikakaa juu ya magunia. Vumbi lilinila, na nilikuwa na hasira: safari yote hii kwa ajili ya ndege, na binadamu wanatembea na miba miguuni!

Nyamisati nikapata mtumbwi. Maji yalikuwa yamejaa, na kwa muda mrefu sikuona kitu ila mikoko huku na huku.

Salale nilimkuta ndege amefungwa kamba mguuni, kando ya boriti zilizokwisha kugongwa muhuri wa Idara ya Misitu. Mwili mweupe, mabawa meusi, mdomo mweusi wenye mstari wa manjano. Nilipoyanyoosha mabawa yake yalipita upana wa mlango. Hakulia. Alinitazama tu, na hasira yangu ikaisha palepale.

Shemeji Selemani alinitania kwamba mtu wa Kibiti kafuata paja la ndege. Kisu alishakinoa. Mpunga ulikuwa bado shambani na nyumba ina njaa, sikuweza kumlaumu. Mwajuma akamshika mkono, akauweka kifuani mwa ndege. Manyoya ya pale yalikuwa yamenyonyoka, imebaki ngozi tupu yenye joto.

"Baba Rehema," akasema, "kuku wetu akiwa hivi, unamchinja?"

Kwao kuku anayeatamia hachinjwi, hata aje mgeni wa heshima. Shemeji akakirudisha kisu alani, akakishika kichwa cha ndege mwenyewe, nami nikaikata ncha ya ndoana na kuivuta iliyobaki. Mwajuma akamrusha juu kama anavyorusha kuku. Ndege akaanguka matopeni. Tukadhani tumechelewa.

Asubuhi tulimpeleka kwa mtumbwi hadi mto unapoingia baharini, penye upepo. Tulipomweka majini alikimbia juu ya maji, miguu ikipigapiga, mbali sana, mpaka nikakata tamaa. Ndipo akainuka. Kumbe kule mikokoni alikosa nafasi ya kukimbia tu.

"Yai limepoa hilo," Shemeji akamwambia. "Wahi."

Nikirudi, pale Nyamisati, muuza chai mmoja aliyewahi kuchochea makaa melini alisema anawajua ndege wale. Waliifuata meli yao katika bahari za baridi, kusini kabisa. Hutaga yai moja, dume na jike wakipokezana kuatamia. Mmoja asiporudi, mwenzake hukaa na njaa mpaka aliache yai. Akaigeuzageuza ndoana niliyomtoa yule ndege. Ni ya meli kubwa, akasema, zinazoburuta mishipi isiyo na mwisho. Ndege hurukia chambo kabla hakijazama, wakavutwa chini nacho. Nilirudi Kibiti nikijua kwamba koleo moja si kitu.

Baada ya Idi yule mchuuzi wa kamba akaleta habari nyingine. Maji yamemtupa ndege wa aina ileile Salale, amekufa, ndoana mdomoni. Shemeji alimpapasa kifuani kwanza. Kisha akaomba jembe la kumzikia.