Ozella Aliyekuwa na Kwao

Ozella Bibb alisubiri miaka sita zamu yake ya kulipiwa kodi ya nyumba na serikali, na siku zamu ilipofika akaiharibu kwa mdomo wake mwenyewe. Msimwonee huruma haraka. Sisi watu wa Alabama ndivyo tulivyo. Mtu hana hata sahani ya kulia, lakini muulize kwao ni wapi uone anavyoikaza shingo.

Alikuwa anakaanga kuku kwenye duka la kituo cha mafuta mjini Marlow. Goti moja bovu, mikono imejaa makovu ya mafuta ya moto. Binti yake alishafariki, akamwachia mjukuu, Tamia, na wawili hao walikuwa wanalala kwenye moteli ya barabara kuu, chumba kinacholipiwa kwa wiki na kinachonuka sigara za watu waliohama zamani. Mwenye moteli alikuwa ameshamwambia bila kupepesa: wawindaji wa kulungu wakianza kuja anakitaka chumba chake, maana wao wanalipa mara mbili. Kwa hiyo ilikuwa ama hati ya serikali ya kulipiwa kodi, ama kulala kwenye gari na mtoto.

Pale ofisi ya nyumba alimkuta Bi Renfroe, mwanamke wa rika lake, anatafuna barafu kutoka kwenye kikombe cha plastiki kama mtu anayevunja mifupa. Hakuinua macho.

"Unalala wapi sasa hivi?"

"Moteli."

"Na kabla ya hapo?"

"Kwa dada mmoja wa kanisani. Sebuleni kwake."

"Kwa hiyo huna kwenu," akasema Bi Renfroe, huku anaandika.

Alisema kwa sauti, na foleni nzima nyuma ikasikia. Kwenye foleni hiyo alikuwemo mwimbaji wa kwaya yao, mwanamke mbea asiyelala na neno. Ozella akahisi damu inapanda.

"Nina kwetu, mama. Usiniandike kama paka wa jalalani. Tuna shamba Sandy Fork, ekari arobaini, bibi yangu alilinunua kwa kuchuma pamba. Na nyumba ipo. Ni yangu kama ilivyo ya Bibb mwingine yeyote."

Bi Renfroe akaacha kutafuna. "Nyumba yako."

"Yangu."

"Ina paa?"

"Ina paa, ina vyumba vinne, ina baraza."

Hakusema kwamba paa la jikoni lilishaanguka, wala kwamba maji yalikatwa tangu bibi azikwe, wala habari za nyoka. Nani angeyasema hayo mbele ya yule mwimbaji?

"Sasa, Bi Ozella, serikali haimlipii kodi mtu mwenye nyumba yake."

Ndipo Ozella alipozinduka. Akaanza kueleza mbio mbio: nyumba imeoza, haikaliki, bibi alikufa bila wosia na shamba likabaki la wajukuu wote, yeye hawezi kuuza hata mti.

"Dakika mbili zilizopita ilikuwa na baraza," akasema Bi Renfroe. "Wajukuu wangapi?"

"Tumebaki wawili. Mimi na binamu yangu Thurman. Wengine amewasainisha wote wakamwachia sehemu zao."

"Basi huyo Thurman aandike kwamba haikaliki. Au wewe ujitoe kwenye shamba, uniletee karatasi yenye mhuri. Mwisho wa mwezi nampigia simu anayekufuata."

Angemtuma kwa shetani ingekuwa afadhali. Thurman Bibb anaishi hapo hapo shambani, kwenye nyumba ya bati ya magurudumu, na yeye na Ozella hawajapeana mkono tangu siku ya mazishi ya bibi. Siku hiyo Ozella alisimama mbele ya mchungaji na waombolezaji wote akamwita mwizi wa misonobari, akaapa kwamba sahihi yake yeye, Thurman ataipata kwa kuichomoa mkononi mwa maiti yake. Watu walipiga makofi. Thurman hakusahau hata kofi moja.

Ozella alimkuta ameketi kwenye ngazi, anakula karanga za kuchemsha na kutema maganda. Hakumkaribisha kiti.

"Leo jua limechomoza wapi?" akauliza.

"Nataka mistari miwili tu, Thurman. Andika kwamba nyumba haikaliki."

"Niandike uongo? Wewe si ndiye unayewaambia watu nyumba ya bibi ni kasri? Mimi si ndiye mwizi?"

"Ulikuwa mwizi. Ulikata miti ukauza."

"Basi leo mwizi ana kalamu." Akatema ganda karibu na kiatu cha Ozella. "Siandiki kitu. Saini sehemu yako yote, nikupeleke mwenyewe kwa mwenye mhuri. Na bure, maana ulinitukana bure."

"Mama yangu amelala pale nyuma. Na mwanangu."

"Kwani nani anawafukua? Makaburi yatakaa palepale. Utakuja, utafagia, nani amekukataza?"

Sufuria ya karanga ilikuwa bado inachemka kwenye moto wa uani, na Ozella alitamani kwa moyo wake wote kummwagia. Nasema kweli, aliniambia mwenyewe, na mimi nisingemlaumu. Lakini alimfikiria Tamia amejikunja kwenye kiti cha nyuma cha gari na sweta ya shule. Akaenda akasaini. Mwenye mhuri alikuwa anakula sandwichi, hakuiweka hata chini.

Hati akapewa. Wenye nyumba wengi walipoiona walifunga mlango, wakisema hawataki wapangaji wanaolipiwa na serikali, mpaka mmoja akakubali, nyumba ya vyumba viwili mtaa wa nyuma ya kiwanda cha mbao. Tamia alikimbia kutoka chumba hadi chumba anawasha na kuzima taa. Ozella akacheka mpaka goti likamuuma.

Mwezi wa tano ikafika Jumapili ya kusafisha makaburi, siku ambayo kwetu hata aliyeko Chicago hurudi. Ozella alioka keki, akatia jembe na maua kwenye gari, akaenda Sandy Fork na mjukuu wake. Wakakuta geti jipya, mnyororo, na kibao cha klabu ya wawindaji. Thurman akaja juu ya trekta yake, polepole, kama mtu mwenye siku nzima.

"Waliokodi hawataki watu humu," akasema. "Siku nyingine piga simu kwanza, nitaona."

"Ulisema nitafagia."

"Nilisema. Sasa shamba lina mwenyewe."

"Ni kaburi la mwanangu, Thurman."

"Nenda kwako, Ozella. Si umepewa nyumba na serikali?"

Ozella alimtukana tusi ambalo siwezi kuliandika, huku mtoto anasikia, kisha akarudisha jembe garini. Keki waliila wenyewe wiki nzima, na hakuna aliyeifurahia.

Mwaka ulipokwisha akaitwa tena ofisini, kwa sababu hati ile huhakikiwa kila mwaka. Bi Renfroe na barafu yake. Maswali yaleyale, kwa sauti ileile, na foleni nyuma.

"Una nyumba au ardhi yoyote, popote?"

"Sina."

"Na lile shamba la bibi yako?"

Ozella alitazama mikono yake juu ya meza. Mwanamke huyu nimemjua tangu utotoni, na sijawahi kusikia neno gumu zaidi likimtoka.

"Sina kwetu, mama. Andika."

Bi Renfroe akaandika. "Umeona ilivyo rahisi?" akasema. "Ungeniambia hivyo tangu siku ya kwanza."

Kisha akaita jina la aliyefuata.