Chupa ya Rangi ya Asali Kwenye Meza ya Bwana

Naandika haya kuungama. Jumapili iliyopita, kanisani kwetu mtaa wa Rosettenville, huku ugenini, zamu ya kuandaa meza ya Bwana ilikuwa yangu. Sisi hutumia juisi ya zabibu, maana wapo kati yetu walioacha pombe kwa machozi. Juisi nikaisahau nyumbani. Mkobani nilikuwa na chupa moja tu, zawadi ya madamu ninayemfulia, yenye rangi ya asali na maandishi ya Kifaransa. Madamu hana kosa. Alisema, "Kunywa baada ya chakula, pamoja na keki." Lebo nayo ilisema kila kitu, ni mimi ambaye sikuisoma. Nilionja tu: tamu, nyepesi, haichomi. Pombe ninayoijua mimi, ya kwetu Bukavu, inachoma!

Nikajaza vikombe, nikavipanga kwenye sinia, likaanza kupita mkono kwa mkono. Maman Alphonsine wa kwaya akanywa kabla ya maombi, halafu akaninong'oneza, "Eish, dada, hii ni divai! Kifua kimeshapata moto."

Nikageuka. Sinia lilikuwa limefika kwa Papa Justin, ambaye mkewe alifunga na kusali mpaka mumewe akaacha ulevi. Nikalikimbilia. Akainua kikombe, akakinusa. Hakunywa. Akakirudisha polepole, macho yamejaa maji.

"Maman Furaha," akasema, kanisa zima likisikia, "nani amekutuma unirudishe kule?"